Pawa mita ya VTX na rimoti: ubao wa bei poa, mita ya warushaji au kichambuzi cha masafa?

Transmita ya video ya droni (VTX) iliyoandikwa miliwati 800 inaweza kutoa 800 kweli, inaweza kutoa 350, na kama iliwahi kuwashwa bila antena inaweza kutoa 20 huku taa yake ikiwaka vizuri tu. Kwa macho hutajua. Ndiyo maana warushaji wa droni wa Arusha na Moshi wakikutana, swali la ninunue pawa mita ipi, yaani kifaa cha kupima nguvu ya mawimbi, halikosi, na jibu lake huwa la mkato: chukua ile, inafika gigahezi 8. Lakini mita nyingi ndogo zinazouzwa leo zinafika gigahezi 8, kwa hiyo jibu hilo halikusaidii kuchagua. Cha kujiuliza kwanza ni mawimbi ya aina gani unataka kupima: yanayotoka mfululizo bila kukatika, kama ya VTX ya analogi, au yanayotoka vipande vipande, kama ya rimoti. Ukishajua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya zile zinazofaa, niondoe moja ambayo Arusha utaletewa mapema kuliko zote.

Mji huu umejaa redio kol. Magari ya safari yanayotoka kila asubuhi kwenda Tarangire, Manyara na Ngorongoro yanabeba redio za VHF, na mafundi wanaozifunga wana mita zao, mara nyingi Surecom SW-102 au ndugu zake. "Lete tu kaka, hii inapima redio zote," fundi atakuambia, na kwa redio anazozijua yeye ni kweli. SW-102 inapima kuanzia megahezi 125 hadi 525, na imetengenezwa kwa nguvu za wati nyingi, hadi 120 hivi. VTX yako iko megahezi 5800. Rimoti yako iko 2400. Ukiichomeka huko itakaa kimya au itakupa namba isiyo na maana. Hata ukiwa na mfumo wa kurusha mbali wa megahezi 433, ambao uko ndani ya uwezo wake, miliwati 100 kwenye mita ya wati 120 ni kitu kidogo mno kusomeka kwa uhakika. Mshukuru fundi, mwachie mita yake.

Namba za kuelewa kabla ya kutoa hela

Mita hizi zinaongea kwa dBm. dBm 0 ni miliwati 1. Kila ukiongeza 10, nguvu inakuwa mara kumi: dBm 10 ni miliwati 10, dBm 20 ni 100, dBm 30 ni wati 1 nzima. Kila ukiongeza 3, nguvu inakaribia mara mbili, kwa hiyo 23 ni miliwati 200 na 26 ni 400 hivi. Miliwati 25, kiwango cha chini cha VTX nyingi, ni dBm 14. Tofauti kati ya namba mbili za dBm husemwa kwa dB.

Watu wengi hapa wanahangaika na usahihi wasiouhitaji. Umbali hauongezeki sawasawa na nguvu. Ili picha ifike mara mbili ya umbali, mahali pa wazi, unahitaji nguvu mara nne, yaani dB 6. Tuseme VTX imeandikwa miliwati 400, wewe unapima unakuta 280. Umekosa dB 1.5. Kwenye umbali hiyo ni hasara ya asilimia 16 hivi, na antena iliyokaa vibaya inakula zaidi ya hapo bila wewe kugundua. Lakini ukikuta inatoa miliwati 25 badala ya 400, umepoteza dB 12, na picha iliyokuwa ifike kilomita mbili itaanza kukatika kwenye mita 500. Kazi halisi ya mita ni kukamata hasara kubwa ya namna hiyo. Mita yenye makosa ya dB 1 juu au chini inaikamata vizuri kabisa, kwa hiyo usikubali kuuziwa nukta mbili za desimali kwa bei ya kiwanja.

Ubao wa bei poa

Huu ni ubao mdogo wenye skrini, vitufe vichache na konekta moja ya SMA, ile ndogo ya kufunga kwa nati. Ndani yake mara nyingi kuna chipu ya AD8317 au AD8318 ya kampuni ya Analog Devices. AD8318 inapima kuanzia megahezi 1 hadi gigahezi 8, na AD8317 inafika 10. Chipu zenyewe ni nzuri. Kinachotofautiana ni mikono iliyouunganisha ubao na jinsi ulivyosahihishwa kwa kila masafa. Kabla ya kupima unaingiza masafa kwa vitufe, kisha unaingiza idadi ya dB za atenyueta uliyofunga, nao ubao unakufanyia hesabu.

Atenyueta ndiyo inayowaumiza watu. Ni kidude cha chuma kinachofungwa kati ya transmita na mita ili kupunguza nguvu. Chipu hizi zinasoma vizuri chini ya dBm 0, na nyingi ya mbao hizi zimeandikwa kikomo cha -5. Ukipita dBm 12, yaani miliwati 16 hivi, chipu inaingia kwenye hatari ya kuungua. Sasa angalia: hata VTX iliyowekwa kiwango cha chini kabisa, miliwati 25, tayari imeshavuka hapo. Huwezi kuunganisha VTX yoyote moja kwa moja kwenye ubao huu, hata kwa kujaribu tu, hata kwa sekunde. Na wauzaji wengi wanautuma mtupu, bila atenyueta.

Kwa hiyo bei ya ubao si bei ya kupima. Jumlisha atenyueta, na uangalie mambo matatu kwenye maandishi yake. La kwanza ni masafa: zile za bei ya chini kabisa nyingi zinaishia gigahezi 3, na kwenye 5.8 zitakudanganya. Tafuta inayofika 6. La pili ni wati, angalau 2 ili ibebe VTX ya wati 1 bila kuchemka. La tatu ni dB zenyewe. Kwa VTX ya wati 1, dB 30 inakuacha kwenye 0 kamili, ambayo kwa ubao wa kikomo cha -5 bado ni nyingi. dB 40 inakuweka -10, mahali salama. Ukiunganisha mbili, ya 20 na nyingine ya 20, ile inayobeba wati nyingi ikae upande wa transmita, kwa sababu ya kwanza peke yake inameza asilimia 99 ya nguvu yote na kuigeuza joto. Iguse baada ya dakika moja utaelewa.

Halafu kuna mtego wa konekta. VTX nyingi zina RP-SMA, mita zina SMA ya kawaida, na kwa nje nati na nyuzi zao zinafanana kabisa. Zinafungana vizuri hadi mwisho. Tofauti iko katikati: moja ina pini, nyingine ina tundu, na kwenye RP-SMA vimebadilishana nafasi. Ukikosea, unaweza kukuta tundu linaangalia tundu. Kila kitu kimekaza, mita inasoma karibu na sifuri, nawe unadhani VTX imekufa, kumbe imewashwa bila mzigo wowote na inajiua polepole. Kabla ya kufunga, washa tochi ya simu uchungulie katikati ya konekta zote mbili. Adapta ya kubadilisha RP-SMA kuwa SMA ni ya bei ndogo, iagize pamoja na ubao. Kwa VTX ndogo zenye konekta ya U.FL, ile inayobonyezwa kama kitufe cha shati, usiichomoe na kuichomeka ovyo: imetengenezwa kuvumilia mara 30 hivi tu. Nyingine zina MMCX, ambayo ni imara kidogo. Na waya mwembamba wa kuunganishia uwe mfupi, kwa kuwa kwenye gigahezi 5.8 sentimita 20 za waya wa aina hiyo zinaweza kula karibu dB 1.

Mfano wa kusoma, kama hukuingiza dB za atenyueta kwenye ubao: atenyueta ya dB 30, skrini inaonyesha -5.5. Ongeza 30, unapata dBm 24.5, sawa na miliwati 280. Ukijua waya wako unakula nusu dB, irudishe: dBm 25, miliwati 316. Basi.

Kwa VTX ya analogi, ubao huu unatosha. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu VTX ya analogi inatoa wimbi moja lisilokatika na chipu hizi zinalipenda wimbi la namna hiyo. Kwenye rimoti mambo ni mengine.

Rimoti haitoi wimbi, inatoa mapigo

Mifumo ya rimoti kama ExpressLRS (ELRS), Crossfire, FrSky na Spektrum, yote inatuma pakiti. Inatuma, inanyamaza, inaruka kwenda chaneli nyingine, inatuma tena, na katikati ya hapo inasikiliza taarifa kutoka kwenye ndege. Mita inayochukua wastani itahesabu na ule ukimya. Kama transmita inawaka sehemu moja tu ya kumi ya muda, wastani unashuka dB 10, na moduli nzima (transmita ya rimoti) ya miliwati 100 inasomeka 10. Utairudisha kwa muuzaji ikiwa haina kosa. Mbaya zaidi ni namba zenyewe: kwenye ubao wa bei poa zinacheza, 8, 15, 3, 12, kila unapokodoa macho ni kitu kingine.

Hapa ndipo mita ya ImmersionRC inapojilipia. Imetengenezwa kwa ajili ya warushaji, na badala ya kukuacha uandike masafa yoyote, inakupa orodha ya bendi tunazotumia. Toleo la kwanza lilikuja na atenyueta ya nje ya dB 30. Toleo la pili limeondoa usumbufu huo: linapima kuanzia megahezi 35 hadi gigahezi 5.8, kipunguza nguvu kimo ndani, linapokea hadi wati 1 moja kwa moja, na linakamata kilele cha pigo badala ya wastani pekee. Betri imo ndani. Unafunga, unachagua bendi, unasoma.

Je, hilo linastahili bei ambayo ni mara kadhaa ya ubao? Kama una VTX moja na moduli moja ya ELRS inayofanya kazi vizuri, hapana. Kama unajenga droni za watu wengine, au mko watatu wanne mnaoweza kuchanga, ndiyo. Mita haichakai kwa kuazimana, na ukishapima kifaa mara moja kinakaa miezi bila kuhitaji kupimwa tena. Kuchanga ndiyo njia yenye akili kuliko zote, ilimradi mkubaliane mapema nani analipa ikiungua, maana mtu atakayeifunga kwenye VTX ya wati 2 bila kusoma yupo kwenye kila kundi.

Kwa ELRS, kabla ya kupima ingia kwenye menyu ya moduli uzime ile nguvu inayojirekebisha yenyewe, inayoandikwa Dynamic. Ikiwa imewashwa, moduli inajishusha inapoona mpokeaji yuko karibu, na mezani mpokeaji yuko sentimita 50 tu. Utapima miliwati 10 na kulaumu moduli.

VTX za kidijitali nazo zina lao. DJI, Walksnail na HDZero hazitoi wimbi tulivu kama analogi. Nguvu inapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na chipu zilizosahihishwa kwa wimbi tulivu zinaweza kukosea dB kadhaa. Tumia mita kulinganisha kifaa chako na chenyewe, leo na baada ya kuanguka, au na cha mwenzako cha aina ileile. Usiichukue namba hiyo kama ushahidi wa kumpelekea muuzaji.

Kichambuzi cha masafa

tinySA Ultra imekuwa maarufu kwa sababu inaonyesha kila wimbi kwenye skrini, liko wapi na lina nguvu kiasi gani. Kwa mtu anayetaka kujifunza redio hakuna kifaa kinachofurahisha zaidi kwa bei yake. Lakini kama lengo lako ni kupima VTX, sikiliza kwanza. Ultra ya kawaida imesahihishwa hadi gigahezi 5.3. VTX zetu ziko juu ya hapo: chaneli za Raceband zinaanza 5658 na kuishia 5917. Utaona wimbi lipo, lakini usiamini namba yake. Matoleo ya baadaye, Ultra+ ya ZS407, yanafika 7.3, nayo bei imepanda. RF Explorer 6G Combo inashika megahezi 4850 hadi 6100 na 5.8 iko ndani kabisa, ila ni ghali zaidi.

Tatizo jingine ni upana. Kichambuzi hukata masafa vipande vyembamba na kupima kila kipande peke yake. Video ya analogi imetanda megahezi nyingi, kwa hiyo ncha ya mlima unayoiona kwenye skrini ni sehemu tu ya nguvu yote, na namba inatoka chini kuliko ukweli. Rimoti inayorukaruka inaikwepa kabisa mizunguko yake ya kupita, hadi uweke hali ya kushikilia kilele na usubiri. Pawa mita ya kawaida haina shida hiyo, inajumlisha kila kinachoingia.

Kwa upande mwingine, ndiyo sababu pawa mita haiwezi kukuambia kama VTX iko kwenye chaneli uliyoichagua, wala kama inamwaga uchafu kwa jirani. Mkirusha watatu pamoja na mmoja picha yake inaharibu za wengine kila anapowasha, pawa mita itasema kila mtu yuko sawa. Kichambuzi kitamwonyesha mwenye kosa ndani ya dakika. Kwa kundi linaloshindana kwa kasi, ningenunua kichambuzi kinachofika 6 kabla ya mita. Kwa mtu mmoja, hapana. Na sehemu yake ya kuingizia mawimbi nayo ni laini: fanya mazoea ya kutopita dBm 0, maana yake atenyueta hapa pia. tinySA za kughushi ni nyingi sokoni, kwa hiyo nunua kwa wauzaji wanaotajwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji.

Antena ni habari nyingine. Hakuna kifaa hata kimoja kati ya hivi kitakachokuambia kama antena yako inalingana na masafa. Hiyo ni kazi ya VNA, kifaa cha kupima antena, na ile ya bei nafuu inayofika 5.8 ni LiteVNA, yenye uwezo hadi gigahezi 6.3. NanoVNA ya kawaida haifiki.

Ukishainunua

Mita ikisema VTX ni dhaifu, usiamini mara moja. Betaflight, programu inayoendesha droni, ina mpangilio wa kuiweka VTX nguvu ya chini hadi droni iwe tayari kuruka, na mezani haiko tayari. Toa propela zote, kisha washa mota ukapime tena. Angalia pia jedwali la VTX ndani ya Betaflight: likiwa la kifaa kingine, ukichagua 400 inaweza kwenda 25. Na kama namba iko karibu kabisa na sifuri, hakikisha haiko kwenye hali ya kusubiri ambayo VTX nyingi zinayo kwa ajili ya mashindano.

Joto lina sehemu yake. Moshi iko chini kuliko Arusha, na mchana wa Januari mezani bila upepo VTX ndogo inachemka haraka na nguvu inaanza kushuka mbele ya macho yako. Weka feni ndogo iipulizie, soma baada ya sekunde kumi, soma tena baada ya dakika mbili. Ikiwa tofauti inazidi dB 2, tatizo ni jinsi ilivyofungwa ndani ya fremu, haipati hewa.

Mwenye droni ya kamera ya kiwandani, ya kupigia picha harusi au hoteli, asinunue chochote kati ya hivi. Antena zake ziko ndani, hakuna pa kuchomeka.

Tukija kwenye kuagiza: moduli za megahezi 915 zimetengenezwa kwa bendi ya Marekani. Sisi Afrika tuko kanda ya kwanza ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, pamoja na Ulaya, na sehemu ya bendi hiyo kwetu inagusana na simu za GSM za 900. Chukua megahezi 868 au gigahezi 2.4, na uulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu viwango vya nguvu kabla ya kupandisha. Kibali cha kurusha kinatoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi za taifa hurushi bila ruhusa. Ukiwa Kisongo, Moshi mjini karibu na uwanja wa ndege, au kando ya uwanja wa ndege wa KIA, mita ipo ya kupimia mezani tu.

Kwa mtu anayeanza na VTX moja ya analogi, kifurushi cha kuagiza ni ubao wa AD8317 au AD8318, atenyueta mbili za dB 20 zinazofika gigahezi 6, moja yake ikiwa ya wati 2 au zaidi, na adapta mbili za RP-SMA, kwa sababu moja hupotea. Mpaka ujue unahitaji kupima rimoti, huna sababu ya kupanda juu ya hapo.